Dekonti Finali, Kiwanja na Madini Yaliyo Chini

Marekani mtu anaweza kuwa na akaunti ya uzeeni anayoisimamia mwenyewe na kuitumia kununua nyumba ya kupangisha, mradi yeye na familia yake wasikae humo. Kenya, tangu 2020, mwanachama wa mfuko wa pensheni anaruhusiwa kutumia hadi 40% ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi. Kwetu Kolwezi, Kongo, mlango huo haupo. Mchango wa pensheni wa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yaani 5% kutoka kwa mfanyakazi na 5% kutoka kwa mwajiri, haumruhusu mchangiaji kuamua uwekezwe wapi. Fedha anayoiamulia mwenyewe ni dekonti finali, malipo ya mkataba unapokwisha. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, waliondoka kwa hiari na malipo ya mkupuo. Hadi leo, anayepata fedha ya namna hiyo hufikiria kwanza kiwanja.

Wazo ni jema, ila lianze na karatasi. Kwa sheria ya 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa shefu wa kartie (kiongozi wa mtaa) inaonyesha tu kwamba mlikubaliana na fedha ikalipwa. Haikufanyi mwenye haki. Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya hati za ardhi ukaulize: kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani? Kimewekwa rehani? Kina kesi?

Hata hati hiyo haikupi madini. Mwaka 2014 mkazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, aliyekuwa akichimba kwenye kiwanja chake alikuta kobalti, na majirani wakaanza kuchimba mashimo ndani ya viwanja, hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 wakazi wa sehemu ya mtaa walihamishwa, eneo likazungushiwa ukuta, likawa la uchimbaji. Katika mtaa wa Cité Gécamines pia, upanuzi wa mgodi umehamisha familia. Kwa hiyo tazama na ramani ya Kadasta ya Madini: je, kiwanja kiko ndani ya eneo la kibali cha uchimbaji cha kampuni?

Kisha, ikiwa utajenga nyumba ya kupangisha, piga hesabu ya kodi ya pango. Sheria ya nyumba za kupangisha ya 2015 inataka garansi ya makazi, yaani amana ya mpangaji, isizidi kodi ya miezi mitatu, nayo hurudishwa mpangaji anapoondoka. Usiihesabu kama pato. Wapangaji wengi wanategemea migodi. Februari 2025 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti, kila mwenye nyumba alipaswa kujiuliza angeishije wapangaji wakikosa kazi.

Nyumba haiuzwi chumba kimoja ili kulipia dawa. Tenga kwanza fedha ya chakula na matibabu, ndipo ununue kiwanja kwa kile kinachobaki. Muuzaji akikuharakisha ulipe kabla hujaona hati, mwache.