Trela Inapojifunga Yenyewe, Usiilazimishe

Katika barabara ya kutoka Kabale kwenda Katuna, na katika miteremko ya Rusumo pande zote mbili za mto Kagera, wakazi wamezoea kuona lori la mizigo limekwama kando ya njia, trela imegoma kusogea, na utingo yuko chini yake na spana mkononi. Wapitao hudhani hiyo ni shida ya dereva peke yake. Lakini namna trela hiyo itakavyofunguliwa yaweza kuamua usalama wa soko, shule na kituo cha bodaboda kilichoko chini ya mteremko.

Trela nyingi zinazovuka mipaka yetu hutumia breki za upepo. Upepo hutengenezwa na kompresa ya injini, huhifadhiwa katika matangi, kisha huvuka kutoka kichwa cha lori hadi trela kwa mipira miwili. Kwa kawaida mpira mwekundu hujaza matangi ya trela, na wa njano hupeleka amri dereva anapokanyaga breki. Ndani ya chemba za breki mna springi nzito. Upepo ukiwapo, springi hubanwa na magurudumu huwa huru. Upepo ukipotea, springi hutanuka na kuyafunga. Kwa hiyo trela iliyojifunga imefanya kazi iliyoundiwa: imesimama badala ya kutembea bila breki.

Hatari huingia pale watu wanapoishinda kinga hiyo kwa nguvu. Chemba nyingi zina bolti ya kuibana springi kwa mkono, iliyowekwa ili gari bovu liweze kuvutwa polepole hadi mahali salama. Baadhi ya mafundi wa njiani huitumia kuifungua trela yenye shehena, kisha safari ikaendelea. Tangu hapo, upepo ukikatika hakuna cha kuyafunga magurudumu ya trela. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56. Uzito wa namna hiyo ukiachiwa breki za kichwa peke yake katika mteremko, breki hizo hupata moto mkali, na trela huanza kukisukuma kichwa. Wala asijaribu mtu kuipasua chemba ya springi barabarani, kwa maana springi ikiruka yaweza kuua.

Njia iliyo salama ni kutafuta chanzo kwa utaratibu. Kabla ya yote, wekeni vigingi imara kwenye magurudumu na pembetatu za tahadhari barabarani.

Kwanza, tazama geji. Mfumo uliojaa aghalabu husoma paa 7 hadi 8. Usipofika hapo, huenda kompresa imechoka au upepo unavuja.

Pili, kagua mpira mwekundu: je, kiungo kimekaa sawasawa, raba yake haijaliwa, na mpira haujapasuka pale unaposuguana na chuma? Zima injini usikilize. Palipo na mlio wa kuvuja, paka maji ya sabuni. Mapovu yataonyesha tundu.

Tatu, ikiwa upepo umejaa na trela bado imefunga, angalia kitufe cha breki ya maegesho kilichoko kwenye trela yenyewe. Mara nyingi kimesahauliwa tu.

Nne, iwapo trela inatembea lakini haishiki, kagua mpira wa njano, kisha breki zilizolegea na lainingi zilizokwisha au kulowa grisi. Baada ya mwendo mfupi simama, usogeze mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lililo moto kuliko mengine breki yake haiachii. Lililo baridi kabisa breki yake haifanyi kazi.

Maji hujikusanya katika matangi na kuharibu valvu, kwa hiyo yafunguliwe chini na kumwagwa kila siku. Tena, dereva aingize gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, asingoje mpaka mwendo umkimbie. Ngoma ya breki ikipata moto hutanuka, viatu vya breki vikalazimika kwenda mbali zaidi ili kuigusa, na nguvu ya kusimamisha hupungua wakati inapohitajika zaidi. Magurudumu yakitoa moshi, lori lisimamishwe mahali tambarare lipoe lenyewe. Ngoma iliyo moto isimwagiwe maji, yaweza kupasuka.

Nanyi wananchi mnayo sehemu yenu. Msimshurutishe dereva aondoe lori kwa sababu limeziba mlango wa duka. Msikae wala kuweka bidhaa upande wa chini wa lori lililokwama, na watoto wasilikaribie. Likipinduka, msiliendee kutafuta mali. Mwezi Julai 2010, huko Sange katika Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha.

Mkiona fundi anafungua springi za trela yenye mzigo, au lori linashuka huku magurudumu yakitoa moshi, toeni taarifa mara moja: nchini Uganda pigeni 999 au 112, na nchini Rwanda 112. Tajeni mahali, rangi ya lori na upande linakoelekea. Taarifa hiyo si uchongezi. Dereva huyo naye ana watoto wanaomngoja, na lori likisimamishwa juu ya mlima litamchelewesha saa chache tu.