Tingatinga alichora miaka minne tu, lakini maelfu bado wanakula kwa jina lake

UKIKATIZA Soko la Wamaasai siku ya Ijumaa pale Village Market, au wikendi katikati ya jiji la Nairobi, huwezi kukosa kuziona. Chui mwenye madoa yaliyopangwa kama shanga. Twiga aliyejikunja shingo ndipo atoshee kwenye picha. Ndege mwenye mkia mkubwa kuliko mti aliokalia. Nyuma yao hakuna mawingu wala nyasi, ni rangi moja tu ya njano au buluu inayong'aa kama mlango uliopakwa jana. Ukiuliza bei, muuzaji atakwambia, "Hiyo ni tingatinga, boss, ongea vizuri."

Wengi wetu huchukulia kwamba tingatinga ni aina ya picha tu, kama vile kiondo ni aina ya kikapu. Na Mkenya ukimtajia Tinga, akili yake haiendi kwa picha kabisa. Inaenda moja kwa moja kwa marehemu Raila Odinga na ile trekta ya chama chake cha zamani cha NDP.

Lakini Tingatinga alikuwa mtu. Edward Saidi Tingatinga, Mtanzania, alizaliwa mwaka 1932 na akafa mwaka 1972. Kuchora alianza mwaka 1968. Piga hesabu mwenyewe: kazi yote iliyompa jina ilidumu miaka minne hivi, muda ambao wengi humaliza chuo kikuu wakiwa bado wanatafuta 'attachment'.

Alizaliwa upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji, katika familia ya wakulima. Majina yake mawili ya kwanza yanaeleza nyumba aliyotoka, baba Mwislamu na mama Mkristo. Shule hakusoma sana, na ya sanaa hakuiona kabisa. Alipokua alifanya walivyofanya vijana wengi wa kusini enzi hizo: aliondoka kwenda Tanga kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Mkonge ulikuwa na pesa kidogo na jasho jingi. Baadaye akaingia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa Mzungu mmoja mtumishi wa serikali ya kikoloni, na baada ya hapo akawa anashika hili na lile. Wanaomkumbuka husema alikuwa pia mtu wa muziki na ngoma. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa hasla wa kawaida aliyekaribia miaka 36 bila kuomoka.

Inasimuliwa kwamba wazo la kuchora lilimjia alipoona picha za wachoraji kutoka Kongo zikinunuliwa na wageni mjini Dar. Akazitazama, akazitazama tena, akaamua na yeye anaweza.

Hapa ndipo hadithi inaponoga, kwa sababu hakuwa na vifaa. Kitambaa maalum cha kuchorea na rangi za dukani za wasanii vilikuwa bei ya juu. Kwa hivyo alichukua hadibodi, ule ubao mwembamba wa kahawia ambao mafundi huutumia kwenye dari, akaukata vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kila upande. Ubao mzima wa futi nne kwa nane ukikatwa hivyo unatoa vipande vinane na hakuna kinachobaki. Rangi nayo ilikuwa ile ya mafuta ya kung'aa inayopakwa kwenye baiskeli. Ni bei nafuu, inauzwa kwenye mikebe midogo, na ikikauka inakuwa ngumu na kung'aa.

Sasa angalia vile vifaa vilivyoamua mtindo wenyewe. Rangi ya baiskeli haitaki mambo madogo madogo ya kivuli na mwanga, inapendelea kupakwa sehemu kubwa kwa mara moja. Kwa hiyo Tingatinga alipaka ubao wote rangi moja kwanza, akaacha ukauke. Juu yake akamweka mnyama mmoja tu, mkubwa, akijaza nafasi karibu yote: simba, nyati, chui, ndege. Halafu ndipo ikaja kazi ya ncha ya brashi, nukta kwa nukta, mstari kwa mstari, hadi ngozi ya mnyama ikaanza kutetemeka machoni. Hakuna aliye mbali wala aliye karibu katika picha zake. Wanyama wake hawafanani na wa kwenye kitabu cha sayansi. Macho yao yanakutazama kana kwamba wewe ndiwe uliyeingia kwao bila kubisha hodi.

Binafsi naona picha zake mwenyewe zina upweke fulani ambao zile za sokoni leo hazina. Siku hizi mchoraji atakujazia twiga kumi, Mlima Kilimanjaro, mbuyu na Wamaasai watatu kwenye ubao mmoja, maana mtalia anapenda kuondoka na Afrika nzima kwenye begi. Samahani, mtalii. Ingawa ukiona bei ya uwanja wa ndege, kulia nako kupo.

Soko lake lilikuwa nje ya duka la Morogoro Stores, eneo la Oyster Bay. Alichagua vizuri. Oyster Bay ndiko walikokaa wanabalozi na wataalamu wa kigeni, na hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Azimio la Arusha la 1967, Tanzania ikiwa imejaa wageni, hasa kutoka nchi za Skandinavia, waliokuja kusaidia na kutazama Ujamaa wa Mwalimu Nyerere ukijengwa. Watu hao walikuja dukani kununua mkate na maziwa, wakatoka na chui wa njano. Bei ilikuwa shilingi chache tu. Hakuna ghala la sanaa lililomtambulisha wala mhakiki aliyemsifu gazetini. Aliziegemeza picha nje ya duka na kungoja mteja.

Zilipoanza kuuzwa, akafanya jambo ambalo nadhani ndilo lililomfanya akumbukwe kuliko hata picha zenyewe: aliwaita ndugu na watu wa kwao akawafundisha. Majina yao hayajulikani sana nje ya Dar, kwa hivyo tuyataje: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata. Walikaa pamoja, wakachota rangi kwenye mikebe ile ile, wakajifunza kwa kuiga mkono wa mwalimu. Hapakuwa na ada wala cheti. Ulikuwa uanagenzi, kama unavyoona kijana anavyojifunza kupaka nganya kwenye gereji za Nairobi, akianza kwa kusugua bodi na kuosha brashi kabla ya kuruhusiwa kugusa sura ya mwanamuziki.

Halafu mwaka 1972 ukafika.

Usiku mmoja jijini Dar es Salaam, Tingatinga alikuwa ndani ya gari na wenzake. Polisi waliokuwa wakiwasaka wahalifu walidhani hilo ndilo gari walilokuwa wakilitafuta. Walifyatua risasi, zikampata, akafa. Aliacha mkewe, Agatha, na watoto wawili wadogo. Msomaji wa Mathare au Kayole hahitaji kufafanuliwa maneno "alidhaniwa kuwa mhalifu." Tofauti ni kwamba safari hii aliyedhaniwa alikuwa mtu ambaye nusu karne baadaye majumba ya sanaa ya Ulaya na Japani yangetafuta kila ubao aliowahi kuugusa.

Kwa kawaida hapo ndipo mtindo ungezikwa pamoja na mwenyewe. Haukuzikwa kwa sababu ya wale wanafunzi. Walirudi pale pale Morogoro Stores wakaendelea kuchora, na wao wakafundisha wengine, ndugu kwa ndugu, jirani kwa jirani. Mwaka 1990 kundi hilo lilikuwa ushirika rasmi, na jina la marehemu likawa jina la ushirika. Kutoka hapo likawa jina la mtindo, baadaye jina la bidhaa. Watu wanaochora tingatinga leo, kuanzia Zanzibar hadi Arusha, wengi hawakuzaliwa wakati mwenye jina alipopigwa risasi.

Kenya nayo imo kwenye hadithi hii kuliko tunavyofikiri. Simon Mpata, ndugu yake Tingatinga na mmoja wa wanafunzi wa kwanza, alikuwa na mkono wake wa kipekee. Wanyama wake ni laini na wa kindoto zaidi. Alifariki mwaka 1984. Wajapani walimpenda kupita kiasi, mpaka hoteli ya kifahari iliyojengwa kwa mtaji wa Kijapani juu ya mteremko wa Oloololo kule Maasai Mara ikapewa jina lake: Mpata Safari Club. Wageni wanaolala pale wanalipa kwa usiku mmoja pesa ambazo Mpata angeuza mbao ngapi kuzipata sijui. Nyingi.

Halafu kuna katuni. Kama una mdogo wako, au wewe mwenyewe ulikuwa mtoto mwaka 2010, huenda uliona Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya ngano za wanyama wa Afrika: kwa nini ndovu ana mkonga, na kadhalika. Ilionyeshwa CBeebies ya BBC kule Uingereza na kwenye chaneli za Disney. Kampuni iliyoitayarisha ilikuwa ya Uingereza, Tiger Aspect, lakini wanyama wale walihuishwa hapa Nairobi, katika studio za Homeboyz. Nukta za kupigwa kwa ncha ya brashi zikawa nukta za kompyuta. Simba wa rangi ya baiskeli akaanza kutembea na kuongea.

Sasa swali ambalo kila kijana anayechora, anayetengeneza biti au anayehariri video angeuliza: familia ilipata nini?

Sheria haina huruma sana hapa. Hakimiliki hulinda kazi, hailindi mtindo. Ukinakili picha fulani ya chui aliyoichora Tingatinga ukaiuza kama yako, umevunja sheria. Ukichora chui wako mwenyewe kwa nukta na rangi ya njano, hujamwibia mtu, hata kama kila mtu anajua umejifunzia kwa nani. Ndiyo maana soko zima linaweza kusimama juu ya mtindo wa mtu mmoja bila kumdai yeyote senti.

Hata hizo picha zake mwenyewe zina muda. Nchini Kenya, na Tanzania pia, hakimiliki ya mchoraji huendelea miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa aliyefariki 1972, miaka hiyo iliisha Desemba 2022. Tangu Januari 1, 2023, mtu akichapa chui wa Tingatinga kwenye fulana, hana wa kumwomba ruhusa.

Kenya iliongeza kwenye sheria, mwaka 2019, haki ya mchoraji kupata mgao kazi yake inapouzwa tena. Kwa wachoraji walio hai leo ni jambo kubwa, kwa sababu katika sanaa pesa nene haiko kwenye mauzo ya kwanza. Iko kwenye ya tatu na ya nne, ubao ukishatoka mkononi mwa mchoraji aliyeuza kwa sababu kodi imefika. Mbao za Tingatinga sasa hupigwa mnada, Nairobi na Ulaya, kwa bei ambazo nje ya duka la Oyster Bay zingemfanya acheke. Wanaozipeleka mnadani ni wajukuu wa wale wageni walioenda kununua maziwa.

Na kwa kuwa bei imepanda, feki nazo zimezaa. Sahihi yake ilikuwa herufi kubwa za wazi, E.S. TINGATINGA, rahisi kuigwa na mtu yeyote mwenye brashi na tamaa. Ndiyo sababu wanaozijua hawaanzi na sahihi. Wanageuza ubao na kutazama mgongo wake: umri wa hadibodi, kingo zilivyokatwa, vumbi la miaka. Kisha wanarudi mbele na kuhesabu wanyama. Wakikuta msururu wa twiga na mlima wenye theluji, na chini kumeandikwa E.S. TINGATINGA 1970, wanarudisha ubao mezani taratibu na kumshukuru muuzaji.