Nahodha Krieg Alirudi kwa Njia Gani?

Hadithi ya One Piece, ambayo Eiichiro Oda wa Japani alianza kuichora katika jarida la Shonen Jump mwaka 1997, na ambayo kampuni ya Toei imekuwa ikiionyesha kama anime tangu Oktoba 1999, imekwisha kupita vipindi 1,100, na watoto walioitazama mwanzoni leo wana watoto wao. Mtunzi mwenyewe alikuwa na azma ya kuimaliza kwa miaka 5 hivi. Kazi iliyokusudiwa umri huo, kisha ikaishi zaidi ya miaka 25, haiwezi kukosa mahali ambapo neno la leo linakanusha neno la jana; na watazamaji wake, kwa kuwa wanaipenda mapenzi ya dhati, wameyapekua maneno hayo kama kadhi apekuavyo ushahidi. Msomaji ambaye huwasikia vijana wake wakibishana usiku kucha juu ya Luffy, yule haramia kijana mwenye mwili wa mpira, asidhani kuwa ni ubishi wa bure, ingawa ni kweli kwamba ila wanazozitaja hazilingani uzito.

Ila inayonifurahisha kuliko zote ni ya ramani. Dunia ya hadithi hii imezungukwa na ukuta wa nchi kavu uitwao Red Line, na kukatwa tena na njia ya bahari iitwayo Grand Line, ambayo ndiyo medani ya maharamia wakubwa. Kila upande wa njia hiyo umepakana na ukanda wa bahari isiyo na upepo wala mkondo, makao ya wanyama wa kutisha. Na msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa shwari ya namna hiyo ina maana gani kwa chombo cha tanga. Kwa hiyo nahodha atokaye bahari ya East Blue hana budi kuingilia kwenye mlima mmoja, ambao maji ya bahari huupanda kwa nguvu hata kileleni, kisha yakaporomoka upande wa pili. Na mkondo huo ni wa kwenda, si wa kurudi.

Sasa tumtazame Don Krieg. Haramia huyu aliondoka East Blue na merikebu 50 na watu 5,000, na siku ya 7 ya safari yake katika Grand Line akakutana na mtu mmoja, Mihawk mwenye macho ya mwewe, ambaye peke yake aliliangamiza kundi lile la vyombo. Tunapomwona Krieg kwa mara ya kwanza yumo tena East Blue, katika merikebu moja iliyosalia, matanga yameraruka, njaa imemlegeza hata akasujudu mbele ya Sanji mpishi katika mkahawa wa Baratie ueleao juu ya maji, akiomba chakula. Punde Mihawk naye anatokea nyuma yake, ameketi katika kijichombo chenye umbo la jeneza. Walipita wapi? Mlima haukubali kurudi, na ukanda wa shwari ungaliimeza merikebu ile mbovu. Manowari za serikali huukata ukanda huo kwa sababu chini zimewambwa jiwe la kairoseki, ambalo huwafanya wanyama wasizitambue. Lakini habari ya jiwe hilo tunapewa baadaye sana, wala hapana dalili kwamba Krieg alikuwa nalo.

Kwa rai yangu jawabu ni jepesi: tulionyeshwa kurudi kwa Krieg kabla ya kusomewa kanuni ya mlima, na kanuni iliyokuja nyuma ya tendo haina haki ya kulihukumu kwa ukali. Hali kadhalika mkono wa haramia Shanks. Katika masimulizi ya utoto wa Luffy, mnyama wa bahari anamng'ata Shanks mkono wa kushoto wakati akimwokoa mtoto yule, na papo hapo Shanks anamkazia jicho tu, mnyama akakimbia. Miaka mingi baadaye tuliambiwa kuwa jicho lile lilikuwa na nguvu iitwayo haki, ambayo Shanks anayo kwa wingi hata mabaharia hodari huzirai akipita karibu nao. Basi kwa nini hakulikaza mapema kidogo? Shanks mwenyewe, alipoulizwa na haramia mwenzake Whitebeard habari ya mkono wake, alisema aliuweka rehani kwa ajili ya zama mpya. Jawabu hilo linaniridhisha moyo, ingawa akili inabaki na dai lake.

Kuna na ila ambazo mtunzi hana dhambi nazo. Kampuni ya 4Kids ya Marekani, iliyoanza kuionyesha anime hii kwa Kiingereza mwaka 2004, iliikata sehemu ya Laboon, nyangumi aliyewangoja rafiki zake maharamia kwa miaka 50, na mahali pake ikaweka siwa la barafu. Baadaye akaja Brook, mwanamuziki aliyebaki mifupa mitupu, ambaye ahadi yake kwa Laboon ndiyo roho ya kisa chake. Na kwa mwenye kuona siwa la barafu, ahadi ile haina mwenyewe. Huo ni udhalimu kwa mtunzi aliyeshona uzi mrefu kwa subira.

Lakini kosa la Pell silisamehe. Katika vita vya ufalme wa Alabasta, mlinzi huyu ajigeuzaye kozi alilibeba bomu lililotegwa kuwaua watu wa mji mkuu wa Alubarna, akaruka nalo juu mpaka likalipuka mbinguni, naye asionekane tena. Tuliomboleza, na kaburi likajengwa. Kisha Pell akaonekana mzima, bila neno la maelezo. Hapa haikuvunjwa ramani, bali ilivunjwa amana baina ya msimulizi na msikilizaji, kwani aliyelia akaambiwa machozi yake hayakuwa na sababu. Na ndiyo maana Ace, nduguye Luffy, alipouawa Marineford, wako watazamaji waliokaa wakingoja afufuke. Njia ya Krieg naweza kuishi nayo bila kuijua. Pell alistahili kuachwa kaburini.