Namba Tatu Zilizopatana

Katika mtaa wa Parkdale, magharibi mwa katikati ya jiji la Toronto, maduka madogo ya Queen Street West huuza maziwa, mikate na tikiti za Lotto 6/49, bahati nasibu iliyoanzishwa Kanada mwaka 1982, ambayo mchezaji huteua namba 6 kati ya 1 na 49. Kwa kuwa mpangilio wa namba haujaliwi, idadi ya tikiti zinazowezekana hupatikana kwa kombinesheni, yaani hesabu ya njia za kuteua vitu kadhaa bila kujali kipi kilitangulia: 49 huzidishwa kwa 48, 47, 46, 45 na 44, kisha zao hilo hugawanywa kwa 720, ambazo ni njia za kupanga namba 6 zilezile, na jibu huwa 13,983,816.

Hesabu hiyo humfaa asiyejua lolote kuhusu matokeo. Uwezekano wenye sharti, kwa upande wake, ni uwezekano wa tukio baada ya habari fulani kujulikana, nao huanza kwa kufuta kila tokeo lisiloafikiana na habari hiyo. Ugumu, basi, hauko katika kuzidisha na kugawanya bali katika kujua kimefutwa nini.

Ichukuliwe tikiti yenye 5, 12, 20, 31, 38 na 44. Mwenye nayo akiambiwa kwamba namba tatu za kwanza kutoka zilikuwa 20, 5 na 12, zimebaki namba 46 za kuteuliwa 3, na njia zake ni 15,180, ambazo moja tu humpa ushindi mkuu.

Lakini jirani aliyekwisha kuikagua tikiti akisema tu kwamba namba zisizopungua tatu zimepatana, hesabu hugeuka kabisa. Namba tatu hasa hupatana kwa njia 20 zikizidishwa kwa 12,341, yaani 246,820, kwa sababu tatu huteuliwa kutoka katika 6 za tikiti na nyingine tatu kutoka katika 43 zisizokuwemo. Nne hupatana kwa njia 13,545, tano kwa 258, na sita kwa moja. Jumla ni 260,624, kwa hiyo tumaini la ushindi mkuu limepungua zaidi ya mara 17, ingawa masikioni habari hizo mbili karibu ni moja: ya kwanza imezitaja namba na zamu zake, ya pili imeziachia zipatane popote.

Hata karatasi ya matokeo ina mtego wake, kwani namba huchapwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Anayefunika nusu yake kwa kidole akaona 5, 12 na 20 amekwisha kujua pia kwamba zilizofichwa zote zinazidi 20, hivyo zimebaki namba 29 tu, na njia za kuteua tatu kati yake ni 3,654.