Malaria ilipungua hata kule ambako mradi haukufika

Asilimia 81. Hicho ndicho kiwango ambacho maambukizi ya malaria yalipungua katika kata mbili za iliyokuwa Wilaya ya Rufiji kati ya mwaka 2015 na 2018, chini ya mradi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wataalamu kutoka China. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walifungua vituo vya kupimia watu huko huko vijijini kwa awamu 85, na kila aliyekutwa na vimelea akapewa dawa ya mseto palepale. Namba ya namna hii ni tamu. Ukimpa mwanasiasa, atapanda nayo jukwaani mpaka uchaguzi ujao.

Lakini kulikuwa na kata nyingine mbili. Huko mradi haukuweka kituo wala haukugawa dawa. Watafiti walichofanya ni kupima watu mwanzoni na kuwapima tena mwishoni. Nako malaria ikapungua kwa asilimia 52.

Piga hesabu. Chukua watu 100 waliokuwa na vimelea mwanzoni. Kwenye kata za mradi wangebaki 19, na kwenye kata zile nyingine wangebaki 48 bila mradi kunyoosha hata mkono. Kinachoweza kuhesabiwa kuwa kazi ya mradi ni kushuka kutoka 48 hadi 19. Kule kushuka kutoka 100 hadi 48 kuna wenyewe: vyandarua, dawa zilizokuwa zahanati, mvua za miaka hiyo, na tabia ya ugonjwa kurudi chini wenyewe baada ya msimu mbaya. Bado mradi ulifanya kazi kubwa. Ila ukubwa wake tunaujua kwa sababu ya zile kata mbili ambazo hazikupata kitu, na wanakijiji wa huko hawakosi kuuliza kwa nini wao walihesabiwa tu.

Swali lao ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha majaribio yote ya tiba, yawe ya chanjo, ya vidonge, ya dripu au ya namna ya kuhudumia wagonjwa. Dawa haipimwi peke yake. Hupimwa kwa kulinganishwa na kitu kingine.

Hata kile kipimo cha haraka cha malaria kimejengwa hivyo. Muuguzi anatoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kishimo kimoja cha kijiplastiki, anaongeza matone ya maji ya dawa kwenye kishimo kingine, kisha mnasubiri kama dakika 15. Kuna sehemu mbili ambapo mstari unaweza kutokea, na moja imeandikwa herufi C. Mstari wa C hausemi lolote kuhusu malaria ya mgonjwa. Kazi yake ni kuonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Usipotokea, hata kama ule wa pili umekolea vipi, kipimo hutupwa na mgonjwa hutobolewa tena. Kundi la ulinganisho ndilo C ya jaribio.

Rufiji ina historia ndefu katika kazi hii. Novemba 1998 ilianzishwa sensa ya kudumu, ambapo wahesabuji wenye makao yao Ikwiriri hupita nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Kazi hiyo inachosha na haina picha nzuri ya kuweka gazetini, lakini bila hiyo hakuna anayeweza kusema vifo vya watoto vimepungua, maana hakuna anayejua vilikuwa vingapi. Miaka hiyohiyo wilaya ikawa miongoni mwa zile za kwanza nchini kufundisha wahudumu wa zahanati kumwangalia mtoto mgonjwa mzima mzima, yaani homa, kifua, kuharisha, lishe na chanjo, badala ya kushika ugonjwa mmoja na kuacha mingine. Kati ya mwaka 2000 na 2002, Rufiji na Morogoro Vijijini zilizokuwa na mpango huo zililinganishwa na Kilombero na Ulanga ambazo hazikuwa nao. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 upande wa mpango.

Hapo napo pana kitu ambacho magazeti huwa tunakiruka. Watafiti walipochapisha matokeo mwaka 2004 katika jarida la Lancet, waliambatanisha na ile 13 wigo wa makadirio: ukweli ungeweza kuwa punguzo la asilimia 30, na ungeweza pia kuwa ongezeko la asilimia 7. Wilaya nne ni chache mno kutoa jibu kali. Mtu akikuletea asilimia bila wigo wake, mwambie aende akauchukue.

Kisha mwaka 2003 wilaya nzima ikaingia kwenye jaribio jingine. Klorokwini ilikuwa imeshashindwa na malaria, na tangu 2001 dawa iliyoshika nafasi yake ilikuwa SP, yaani sulfadoxine-pyrimethamine. Rufiji ikaanza kutumia SP pamoja na artesunate katika vituo vya afya, wakati Kilombero na Ulanga zikiendelea na SP peke yake. Mwishoni mwa 2006 nchi nzima ilihamia kwenye ALu, mseto ambao kila mzazi wa huku anaujua leo kwa rangi ya pakiti yake.

Utaona kwamba katika mifano hii wilaya au kata nzima ndiyo iliyopewa au kunyimwa. Kwa malaria kuna sababu: mbu hana habari na orodha ya watafiti. Ukimpa dawa Asha ukamwacha jirani yake, mbu yuleyule anawauma wote wawili. Udhaifu wake ni kwamba kata hazifanani. Moja ina barabara ya lami, nyingine ina bonde la mpunga. Ndiyo maana, inapowezekana, huchukuliwa vijiji vingi na kupigiwa kura, ili tofauti hizo zigawanyike pande zote bila mtu kuchagua. Zile kata za mradi wa 2015 hazikupigiwa kura, na kwa maoni yangu asilimia 81 ingepaswa kutembea na maelezo hayo kila inapokwenda.

Kwa nini basi tusiwape watu kile tunachoamini kinasaidia, tukaachana na kura? Kwa sababu imani imeshatugharimu, tena hapahapa kwetu. Kisiwani Pemba, jaribio lililohusisha zaidi ya watoto 24,000 liliwapa baadhi yao madini ya chuma na asidi ya foliki. Upungufu wa damu ulikuwa mwingi, na nani angepinga kumpa mtoto chuma? Mwezi Agosti 2003 sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa wakiugua sana hadi kulazwa, au kufa, kwa asilimia 12 zaidi ya wale wasiopewa, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kuweka tahadhari kuhusu kugawa chuma kiholela penye malaria nyingi.

La dripu ni zito zaidi. Vitabu vilisema mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko wa mwili apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Jaribio lililoongozwa na mtafiti Kathryn Maitland katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ya kwetu ikiwa Hospitali ya Teule, Muheza, lilihusisha watoto 3,141. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Mwaka 2011 likasimamishwa kabla ya muda wake. Watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, kwa hiyo asitokee mtu akamnyima maji mtoto anayeharisha kwa sababu kasoma hapa. Lakini angalia nani alisalimika zaidi: wale ambao mzazi yeyote angesema wamenyimwa.

Hata hivyo wa kundi la ulinganisho hawaachwi mikono mitupu kila mara. Bagamoyo ilikuwa moja ya vituo 11 vya Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, kisha ikashiriki jaribio la R21 pamoja na Kilifi nchini Kenya. Watoto wa R21 ambao kura haikuwapa chanjo ya malaria walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Wazazi hawakujua nani kapata ipi, na wanaompima mtoto akiugua hawakujua pia, maana anayejua huweza kuona anachotaka kuona.

Pwani yetu ina hofu yake ya zamani kuliko utafiti wowote. Mgeni mwenye gari, daftari na sindano huitwa mumiani kabla hajashuka. Kumcheka anayeogopa hakusaidii. Damu ni yake na ana haki ya kujua inakwenda wapi. Jaribio la dawa nchini linahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu lazima ilipitishe. Fomu ya ridhaa husomwa kwa Kiswahili, asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi anayemwamini, na mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote bila kukosa matibabu yake ya kawaida. Kinachokosekana mara nyingi ni marejesho. Matokeo husomwa kwenye kumbi za mikutano mbali na hapa, na aliyetobolewa kidole anayasikia redioni, kama atabahatika.

Jaribio moja kubwa liliipita Rufiji kwa karibu. Wakazi wa huku wanaijua ivermectin kutokana na kingatiba ya matende na mabusha. Dawa hiyo ina sifa nyingine: mbu anayemnyonya mtu aliyeimeza anaweza kufa. Mradi wa BOHEMIA ulipanga kuijaribu dhidi ya malaria Mopeia, Msumbiji, na Rufiji. Mwishowe sehemu ya Rufiji ilihamishiwa Kwale, Kenya, ambako vikundi vya kaya vilipigiwa kura: wengine ivermectin mara moja kwa mwezi kwa miezi 3, wengine albendazole. Matokeo yaliyochapishwa Julai 2025 yalionyesha maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 kupungua kwa asilimia 26. Kule Mopeia, kimbunga Gombe cha mwaka 2022 kilivuruga kazi.

Maji huvuruga takwimu na huku pia. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizihamisha kaya za Rufiji na Kibiti, na kaya iliyohama ni mstari mtupu kwenye daftari. Delta ya Rufiji ndiyo ngumu zaidi. Kata za Salale, Msala, Maparoni, Kiongoroni na Mbuchi hufikiwa kwa boti na kwa ruhusa ya maji kujaa, wakati ile sensa ya tangu 1998 ilishika vijiji vinavyofikika kwa barabara ya kusini. Mvuvi wa kamba yuko dago mwezi huu, mwezi ujao haijulikani. Mkulima wa mpunga analala dunguni msimu wa kuamia ndege, mbali na chandarua alichogawiwa nyumbani. Mbu wenyewe si lazima wawe walewale, kwani pwani ya Afrika Mashariki ina Anopheles merus, anayezaliana kwenye maji ya chumvi. Dawa ikishinda Bungu, kando ya barabara ya kusini, kwa Salale hilo bado ni kisio, mpaka mtu apakie vipimo kwenye boti, afuate maji yanapojaa, na kupanga kura kati ya visiwa.