Fasihi Ukubwani: Kutoka Plymouth Hadi Loft

Wengi wetu tuliosoma PCM tuliagana na fasihi Kidato cha Nne. Sasa una miaka 30, unakaa Plymouth, na hamu ya riwaya imerudi. Uanzie wapi?

Chuoni? Jamani, ada zake! Mimi nawaelekeza Loft Literary Center, Minneapolis. Ilianza miaka ya 1970 juu ya duka la vitabu mtaa wa Dinkytown, jirani na Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 2000 ikahamia jengo la Open Book, Washington Avenue. Ni madarasa ya watu wazima, zaidi ya uandishi, bila mtihani. Kwa kawaida unagawa kurasa zako, wenzako wanazisoma, halafu wanazijadili wewe umenyamaza. Kwa injinia hiyo ni adhabu. Tumezoea kutetea hesabu zetu, lakini hapa msomaji akisema hakuelewa, basi hakuelewa.

Wenye viza ya F-1, darasa hili halihesabiki kwenye kozi zenu za chuo. Ada ipo, ulizieni msaada mapema.

Shida kubwa ni kurudi. Mabasi ya Plymouth Metrolink yanafuata watu wa ofisini: asubuhi kwenda mjini, alasiri kurudi. Darasa la jioni likiisha, la moja kwa moja limeshaondoka. Changieni mafuta na mwenye gari, au chukueni darasa la mtandaoni, ingawa huko hakuna soga za koridoni.

Vitabu msinunue, kadi ya maktaba za Hennepin ni bure kwa wakazi. Anzeni na Paradise ya Gurnah (1994). Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, nimemwagiza mjomba Dar.