Spini ya Protoni: Kutoka Migongano ya Haidroni hadi Kipimo cha MRI

Mgonjwa anapoambiwa kwamba kipimo cha MRI hutumia viini vya atomu vilivyomo mwilini mwake, si ajabu akaingiwa na hofu ya mionzi. Hofu hiyo huondolewa kwa maelezo, si kwa amri.

Kila molekuli ya maji mwilini ina atomu mbili za haidrojeni, na kiini cha atomu hiyo ni protoni moja. Protoni ina sifa iitwayo spini. Twaweza kuifananisha na pia inayozunguka, ila spini ni sifa ya asili ya chembe: haikuanzishwa na mtu wala haisimami. Kwa sababu ya spini, kila protoni ni sumaku ndogo mno.

Je, spini hiyo yatoka wapi? Protoni ni haidroni, yaani chembe iliyoundwa kwa kwaki zilizoshikamanishwa na gluoni. Ili kuichunguza, wanafizikia huzigonganisha haidroni kwa nishati kubwa sana, kisha hutazama chembe mpya zinazozaliwa. Wengi walidhani kuwa katika migongano mikali namna hiyo athari za spini zingefifia. Mwaka 1976, katika maabara ya Fermilab nchini Marekani, protoni zenye nishati ya elektronivolti bilioni 300 zilielekezwa kwenye shabaha ya berili. Ingawa spini za protoni hizo hazikuwa zimepangwa, chembe za lamda zilizozaliwa zilionekana zikiwa na spini zilizoelemea upande mmoja. Baadaye, hapo hapo Fermilab, zilitumika protoni ambazo spini zake zimepangwa: pioni chanya zikaelemea kushoto, na pioni hasi kulia. Mtambo wa RHIC, New York, umeithibitisha tabia hiyo kwa nishati kubwa zaidi.

Matokeo hayo, pamoja na vipimo vingine, yametufunza kwamba spini ya protoni si jumla nyepesi ya spini za kwaki zake. Kwaki huchangia takribani theluthi moja. Sehemu nyingine yatokana na gluoni na mwendo wa chembe hizo ndani ya protoni. Hesabu kamili bado inatafutwa.

MRI haihitaji kungoja hesabu hiyo, kwa kuwa haivunji protoni. Katika mashine ya tesla 1.5, protoni zinazofuata uelekeo wa sumaku huzidi zinazoupinga kwa takribani tano tu katika kila milioni. Ziada hiyo yatosha: mawimbi ya redio huziyumbisha, nazo zinaporejea katika hali yake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Hakuna mgongano, wala hakuna mionzi ya aina itumikayo katika eksirei na CT.

Hatari ya kweli imo katika sumaku yenyewe, ambayo huvuta vyuma kwa nguvu hata wakati picha hazipigwi. Kwa hiyo mhudumu amwulize kila mgonjwa, bila haraka, iwapo ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, klipu katika mishipa ya ubongo, au kipande cha chuma jichoni. Naye mgonjwa asifiche jambo hata akiliona dogo: jibu lake laweza kumwokoa.